Kifaa Shingoni mwa Mama Mkwe

Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi, na muuguzi alikuwa amechoka kiasi cha kutojiuliza kwa nini. Katika nyumba sitini zilizopewa jiko jipya la kuni, wanawake walivuta moshi pungufu kwa asilimia sabini na moja kuliko wenzao wa nyumba sitini zilizobaki na mafiga. Makala ilikuwa imeshaandikwa. Jina la muuguzi lilikuwa la tatu kati ya waandishi tisa, na mkataba wake mpya ulitegemea makala hiyo kupokelewa. Wizara nayo ilisubiri tarakimu hiyo moja ili iamue kama majiko yasambazwe.

Kilichopima kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, kinachovaliwa shingoni kutwa. Kilinyonya hewa na kuhesabu chembe za moshi. Kikikaa saa nzima bila kutikisika, taa nyekundu iliwaka na siku hiyo haikuhesabiwa. Kwa miaka miwili muuguzi alizungukia nyumba za jiko jipya, kila mara saa kumi jioni, wakati kazi za jikoni zimekwisha na kifaa kiko shingoni mwa mpishi. Nyumba za mafiga zilikuwa za mwenzake, kijana waliyemwita Mbiombio kwa sababu alisoma maelekezo kwenye karatasi bila kupumua, akaaga.

Alhamisi moja ziara nyingine iliahirishwa, muuguzi akafika kwa Mama Pacha, mmoja wa wenye jiko jipya, saa tano asubuhi.

"Leo umetufumania," alisema bibi aliyeketi barazani akichambua maharage. Alikuwa mama mkwe wa Mama Pacha. Kifaa kilining'inia shingoni mwake.

"Bibi, shikamoo. Mbona umekivaa wewe?"

"Marahaba. Nakilea. Mwenyewe anapika."

Mama Pacha alitoka jikoni macho mekundu, akakohoa, akafuta mikono kwenye kanga. "Usimgombeze mama. Si wewe mwenyewe ulituambia?"

"Niliwaambia nini?"

"He! Siku ile ya kwanza ulisema, 'Mama zangu, kifaa hiki hakipendi mafuta wala masizi, kikiharibika hakuna kingine.' Sasa mimi nikitie kwenye moshi makusudi, nina wazimu? Nikakitundika chumbani, taa nyekundu ikawaka. Ndipo tukaona avae mama, maana yeye hatulii."

"Situlii kwa kuwa mkinikuta nimetulia mtanizika," alisema bibi. "Tena mimi na hiki kidude tumezoeana. Angalau hakinisengenyi."

Muuguzi hakucheka. Alikumbuka maneno hayo vizuri. Hayakuwa kwenye karatasi ya maelekezo. Aliyaongeza mwenyewe, kwa nia njema, katika nyumba zote sitini.

Kufikia Jumatano alikuwa amezuru nyumba kumi na nane nyingine, zote asubuhi. Katika nyumba kumi na sita alikuta hali ileile: kifaa kwa mkwe, kwa wifi, kwa shangazi aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Mwanamke mmoja alikuwa akimvalisha mumewe, fundi saa, na kwa miaka miwili hewa ya kibanda cha saa iliandikwa kuwa hewa ya jikoni. Katika nyumba mbili tu mpishi alikivaa mwenyewe, na huko moshi ulikaribia ule wa mafiga. Nyumba mbili hazithibitishi kitu. Aliliandika hilo pia.

Profesa aliyeongoza utafiti alisoma ripoti ya muuguzi mara mbili, kisha akavua miwani na kuiweka juu ya makala.

"Na upande wa Mbiombio?"

"Nimeuliza nyumba kumi. Wapishi wanavaa wenyewe. Yeye hakuongeza neno."

"Kwa mara ya kwanza uvivu umeleta takwimu safi," alisema Profesa, lakini bila furaha. Alivuta fomu ya kuripoti hitilafu. Ilikuwa na visanduku viwili: mshiriki hakufuata maelekezo, au mtafiti alikosea. "Binti, nisikilize. Wanawake kumi na saba hawakuvaa kifaa. Huo ni ukweli. Tukitia alama hapa juu, tunawaondoa hao, tunabaki na arobaini na tatu, na makala inasimama."

"Hao arobaini na mmoja ambao sijawafikia, nao niliwaambia vilevile."

"Hujui kama walifuata."

"Sijui. Na wewe hujui, Profesa."

Profesa aligusa kisanduku cha chini kwa kidole. Dirishani feni ilizungusha hewa ya moto ileile. "Ukitia alama hapa chini, sitini zote zinapimwa upya."

"Ndiyo."

"Na bodi ya utafiti haitakubali upime wewe."

"Najua."

"Pumzika mpaka kesho, basi. Uamuzi wa mtu aliyechoka si uamuzi."

"Nimechoka tangu mwaka juzi," alisema muuguzi. "Kesho haitanibadilisha." Alitia alama kwenye kisanduku cha chini. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kwamba washiriki walifuata maelekezo waliyopewa, na kwamba maelekezo yalikuwa yake. Akaweka sahihi. Profesa aliitazama ile sahihi kwa muda, kisha akaweka yake pembeni, taratibu, kama mtu anayesaini barua ya msiba.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuwatambulisha wenye nyumba kwa Mbiombio, aliyepewa pande zote mbili. Kwa Mama Pacha, Mbiombio alisoma karatasi yake kwa kasi ileile na kufunga mdomo.

"Kwa hiyo hili jiko linapunguza moshi au halipunguzi?" aliuliza Mama Pacha.

"Hatujui," alisema muuguzi.

"Miaka miwili yote?"

"Miaka miwili yote. Kosa ni langu, dada, si lenu."

"Basi mimi nimepimwa bure," alisema bibi, akivua kifaa.

"Hapana, bibi. Hewa ya barazani kwako ni safi. Hilo tuna uhakika nalo."

Bibi aliguna. Mama Pacha alikipokea kifaa, akakivaa juu ya kanga, akakohoa, akarudi jikoni. Mbiombio alikuwa ameshafika getini.