Mfikisheni Mjini

Mimi sina kifua. Watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika wa Guangzhou, wote wanalijua hilo, na mtu akitaka habari yake ienee mpaka maduka ya Yide Lu kabla ya adhuhuri, ananieleza mimi kisha ananiomba nisimwambie mtu. Kwa hiyo Lucas aliponivuta nyuma ya gari Jumapili ile asubuhi, akaninong'oneza kwamba baba yake Dorothea amefariki na Dorothea asijue mpaka tufike Guangzhou, nilitamani kumzaba kibao. Angenitwika gunia la saruji ningemshukuru.

Tulikuwa Lianzhou, mji wa milimani kaskazini mwa mkoa, tulikokwenda kwa gari la kukodi kupumzika mwisho wa wiki. Safari yenyewe ilikuwa ya Dorothea. Alikuwa amebakiza wiki chache kutetea tasnifu yake ya udaktari, hali wala halali, anazunguka chumbani mpaka jirani yake Mchina akawa anagonga ukuta. Yeye ni Msambaa wa Lushoto, na kila siku alilalamika kwamba Guangzhou imemnyima milima. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Mlima kwangu ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, na barabara ikianza kujipinda tumbo nalo linajipinda. Lakini mwaka niliofika China, neno pekee nililolijua lilikuwa meiyou, yaani hakuna, maana ndilo nililojibiwa kila dukani, na Dorothea ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Angetaka kwenda jangwani ningemfuata. Nikafunga ofisi yangu ya mizigo, nikawaambia wateja kontena lililoko bandari ya Nansha halitaota mbawa, tukaondoka. Lucas, mwanafunzi mwenzake, ndiye mwenye leseni ya Kichina.

Simu ilitoka kwa Jonas, mdogo wake Dorothea, aliyesoma na Lucas sekondari. Alimpigia Lucas kwa WhatsApp. WhatsApp haifunguki China bila VPN, na VPN ya Dorothea ilikuwa imekwisha muda, kwa hiyo tangu tuondoke mjini alikuwa akichota mtandao kwenye simu ya Lucas. Jonas alikuwa analia. Alisema, "Lucas, msimwambie dada kitu njiani. Mfikisheni mjini. Baba..." na hapo mtandao wa milimani ukakata.

"Hukumpigia tena?" nikamuuliza Lucas.

"Nimuulize nini, dada Swalha?"

Alikuwa na haki. Kwetu humuulizi mtu anayelia kama mzazi wake amekufa. Wala msiba hausemwi kwenye simu kwa mtu aliye njiani. Anayepiga huuliza kwanza, uko wapi, uko na watu hapo? Ukisikia swali hilo unajua kinachofuata. Aliyefiwa hufikishwa kwanza kwa watu, akakalishwa, akalishwa, ndipo akaambiwa huku ameshikwa mikono. Waislamu kwa Wakristo, ndivyo tulivyolelewa. Lucas alikwisha mwandikia Dada Clementina, kiongozi wa akina mama wa ushirika wao pale Guangzhou, awakusanye watu nyumbani kwake. Kisha akaizima VPN, ili rambirambi ya mtu mwenye kiherehere isije ikamfikia Dorothea kabla yetu.

Tukarudi mezani. Dorothea alikuwa anamalizia bakuli lake la tambi katika mgahawa wa Waislamu wa kaskazini, ule nilioung'ang'ania mimi kwa ajili ya nyama halali, na akanitania kwamba nimesilimisha mkoa mzima. Siku nyingine ningemjibu. Nikamwambia aongeze nyama.

Tulipofika kwenye gari nikamfungulia mlango wa mbele. Kiti hicho tulikuwa tumekigombania tangu Ijumaa, mimi nikidai kwa hoja ya kutapika, yeye kwa hoja ya milima. Alinitazama, akaingia. Nikakaa nyuma, nikafumba macho, barabara ikaanza kutuzungusha.

Sijapata kuona gari likienda polepole vile. Lucas aliikwepa barabara kuu ya kulipia, akashika ile ya zamani inayopanda kila kilima na kushuka kila bonde. Kila mji tulioupita alisimama. Mahali pa kwanza alimnunulia Dorothea viazi vitamu vya kuchoma na soda. Mjini Yangshan alimnunulia supu ya kuku. Njiani alimnunulia mfuko wa machungwa madogo kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na huyu ni Lucas, ambaye huweza kubishana na laoban, mwenye duka, juu ya kifungo cha shati mpaka duka lifungwe. Mimi mguu ulikuwa unacheza wenyewe. Nilihesabu mahandaki, nikasahau, nikaanza tena. Kila mlima ulipoisha ulikuwa na mwingine nyuma yake.

Dorothea alipokwenda chooni pale Yangshan nilimvaa Lucas. Nikamwambia akanyage mafuta, roho yangu haiwezi.

"Haraka haraka haina baraka, dada."

"Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Akasema aliyekufa hana haraka. Clementina anahitaji muda wa kuwapata watu na kupika. Zaidi ya hapo, akasema huku akitazama mlango wa choo, Dorothea bado ana baba mpaka tufike mjini, na yeye hana moyo wa kuufupisha muda huo. Nikaenda nikamnunulia Dorothea soda nyingine.

Karibu na Yingde ukungu ulishuka, na mashamba ya chai yakajitokeza pande zote mbili, mistari kwa mistari mpaka vilimani. Dorothea akaomba tusimame. Alishuka, akasimama katikati ya chai na mikono kiunoni kama mwenye shamba, akapiga picha. Alisema atamtumia baba yake VPN ikirudi, mzee aone kwamba mwanawe hakwenda China kukaa ghorofani tu. Niligeukia upande wa pili nikajifanya natafuta hijabu yangu kwenye begi. Ilikuwa kichwani.

Tulipoanza kuteremka alichukua chungwa. Alilimenya, hakulila. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaka Lucas, simamisha gari."

Lucas akasogea pembeni, mahali ambapo malori hupumzika.

"Nilipokuwa kidato cha pili," Dorothea akasema, "mwalimu wa zamu alinitoa darasani. Hakuwa amewahi hata kunisalimia. Akaninunulia soda na mandazi, akanipeleka nyumbani kwa gari lake. Nilipofika nilikuta wamefunga turubai uani. Mama alikuwa amekufa tangu jana yake." Akageuka akanitazama mimi, wala si Lucas. "Nimekalishwa kiti cha mbele. Hakuna aliyenitania tangu asubuhi. Na hii ni soda ya tatu. Ni nani?"

Lucas alishika usukani kwa mikono yote miwili, akaanza kusema kwamba tufike kwanza mjini. Mimi, kama nilivyosema, sina kifua.

"Ni baba, mdogo wangu," nikasema. "Jonas alipiga."

Nilikwisha tanua mikono nimpokee. Hakulia. Aliuliza Jonas alisema nini hasa, na Lucas akayarudia maneno yale, neno kwa neno, mpaka pale palipokatika.

"Kwa hiyo hakusema amekufa."

Lucas akatikisa kichwa.

"Mlimuuliza?"

Nilitazama nje. Mwanamke mmoja alikuwa anafunga machungwa kwenye baiskeli, na nilimwonea wivu kwa kazi yake.

"Washa VPN," Dorothea akasema.

Simu ya Lucas ikaanza kutetemeka, haikunyamaza. Jonas alikuwa amepiga na kupiga. Ujumbe wake Dorothea aliusoma kwa sauti, na kila sentensi ilinichoma. Utumbo wa mzee ulikuwa umejisokota. Madaktari walitaka kumpasua tangu alfajiri, naye akakataa kuingizwa chumba cha upasuaji kabla hajauona uso wa binti yake. Jonas aliomba Dorothea asiambiwe njiani, asije akaingiwa na hofu huko milimani, bali afikishwe upesi mjini penye mtandao mzuri azungumze na baba. Upesi. Neno hilo lilikuwa kwenye kila ujumbe, na sisi tulikuwa tumekula viazi.

Akapiga. Jonas alipokea akiwa anatembea, akihema, akasema tu kwamba daktari amekataa kungoja tena, na kioo kikajaa paa, taa, kisha uso wa mzee juu ya kitanda cha magurudumu, amevishwa kofia ya kijani. Alikuwa amekonda. Alimtazama binti yake, halafu akatazama nyuma yake, dirishani.

"Huko ni wapi? Mbona kama kwetu?"

Dorothea akalishusha dirisha, akaielekeza simu kwenye milima. Mzee akaguna kama mwalimu aliyeridhika na jibu. Nilisikia mlango ukifunguliwa na mtu akimwambia Jonas aishie hapo.

"Umekula?" mzee akauliza.

"Nimekula, baba. Leo nimekula sana."

Picha ikakatika. Haukupita hata muda wa kumenya chungwa.

Lucas alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Dorothea alishuka, akazunguka, akafungua mlango wangu. "Hamia mbele," akaniambia. "Utatutapikia." Nikahamia. Sikuwahi kufurahi namna ile kutaniwa. Lucas akaikamata barabara kuu ya kulipia, na safari hii sikuhitaji kumwambia akanyage mafuta.

Nilimkasirikia Lucas mpaka Qingyuan, na kutoka Qingyuan nikajikasirikia mwenyewe, maana mdomo ambao haujawahi kunyamaza kwa lolote ulinyamaza siku moja, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Dorothea alikaa nyuma na simu ya Lucas mapajani. Kila gari lilipoingia handakini aliinua simu juu, akiangalia kama mtandao umebaki. Nilimtumia Clementina ujumbe wa sauti kwamba mzee yu hai. Lakini mtu anayepika wali wa msiba hana mkono wa kushika simu.

Tuliingia Huanshi Zhonglu, barabara anakokaa Clementina, taa zikianza kuwashwa. Mlango wa Clementina ulikuwa wazi. Viatu vilijaa mpaka kwenye lifti. Tulipotokeza, akina mama waliojifunga khanga viunoni wakainuka na kilio kikapasuka, na Clementina akamkumbatia Dorothea akisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Dorothea alingoja amalize. "Dada Clementina, baba hajafa," akasema. "Yuko chumba cha upasuaji."

Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa. Mama mmoja aliifungua khanga yake polepole, akaikunja, akaikalia, na wengine wakafuata. Mikeka ilikuwa imetandikwa, sebule imeondolewa viti, sufuria za wali na maharage zimefunikwa, na mtu mwenyewe yu hai. Waondoke? Itaonekanaje. Wakae? Watakuwa wanangoja nini? Hata chakula hakuna aliyethubutu kukigusa, maana kula wali wa msiba wa mtu aliye hai ni kumchuria. Clementina akapata akili kuliko sisi sote, akaanza sala ya kumwombea mgonjwa. Wakaitika. Mimi nikajibanza pembeni na dua zangu, nikimwomba Mola huyo huyo kwa lugha nyingine, na mguu bado unacheza.

Sala haikuwa imeisha simu ilipoita. Dorothea aliiweka kwenye spika.

"Dada," Jonas akasema. Tulisikia watu wakipita kwenye ukumbi huko aliko, na mtu akiburuta kiti.

"Jonas, nakusikia."

"Umefika?"

"Nimefika."

"Uko na watu hapo?"

Clementina aliziba mdomo kwa kiganja. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakulijua swali lile. Lucas alikaa chini palepale mlangoni, juu ya viatu vya watu.

Dorothea akainua uso. Alitutazama mmoja mmoja, wanawake waliofungua khanga zao, sufuria, mikeka, mimi.

"Niko nao," akasema. "Wapo wengi. Sema lenyewe, Jonas. Usinizungushe."

"Baba amekufa, dada. Hakuamka."

Akaiweka simu chini taratibu, akakaa mkekani. Nilimfuata, nikamshika mkono kama ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo. Kwa muda hakukuwa na aliyelia, kila mtu alikwisha kulia mapema na hakujua aanzie wapi tena.

"Aliniuliza kama nimekula," Dorothea akaniambia.

Nikainuka, nikafunua sufuria, nikampakulia wali na maharage, nikaketi naye sahani moja. Akala. Machozi yaliingia kwenye wali, akaendelea kula, na nyuma yetu akina mama wakaanza kujifunga khanga zao upya.