Loro na Miguu Yake

Loro alirudi mtaani kwake Gurei amevaa shati alilochaguliwa na mwanamke mwingine. Kabla hajaketi ua ulikuwa umeshajaa. Majirani walikuja na viti vyao, maana habari ya mwanamume aliyehamia mtaa wa Malakia kwa hawara msimu mzima wa mvua, na sasa anamtaka mkewe, haisikilizwi kwa kusimama.

Josline, mkewe, ambaye wengi walimwita Mama Peace, alimwona Loro akihamisha kiti chake kutoka juani. Loro hakuambiwa na mtu.

"Mama Peace," Mzee Emilio akaanza, baba mdogo wa Loro aliyeletwa kumwombea msamaha, "wacha kijana aseme mwenyewe."

Loro akakohoa kidogo. "Hapana mimi. Mungu alipanga yote toka nikiwa tumboni. Miguu tu ndiyo ilikwenda. Mimi ilikuwa kama karatasi kwa upepo."

"Karatasi ya manukato!" akadakia Charity, jirani, na ua mzima ukaangua kicheko.

Emilio akasema amina, wengine wakaitikia. Ndivyo walivyozoea tangu kambi ya wakimbizi Uganda: ugomvi ukiwashinda, wanamtwika Mungu, watu wanakula, khalas, yamekwisha.

Sinia la asida, ugali wa kwao, na samaki likaletwa, na Josline akashika birika la kunawisha wageni. Kila mtu alijua maana yake. Akimwagia Loro maji mikononi mbele ya wazee, amemrudisha ndani. Akimruka, ndoa imekwisha, na atasemwa mpaka mtaa wa Hai Cinema.

Wakati huo Loro alikuwa analizungusha sinia, pole pole, mpaka kichwa cha samaki, fungu la mwenye nyumba, kikamwelekea yeye.

Josline akaona. Kumbe! Miguu haimtii, lakini samaki wa kwake anamjua!

Akamnawisha Emilio. Akawanawisha wageni. Mikono ya Loro ilikuwa imeshanyooshwa, haina hata wasiwasi. Akaipita, akaweka birika chini.

"Mama Peace!" Emilio akashtuka. "Shetani amekushika?"

"Sema umeoteshwa, dada," Charity akamnong'oneza. "Sema ni Mungu, watakuachia."

Kweli wangemwachia, na amina wangeitikia. Josline akawatazama wote.

"Sijaota kitu. Shetani hayuko, na Mungu mwacheni na kazi yake. Mkono ni wangu, na maji bado yapo. Naweza kumnawisha sasa hivi. Sitaki."

Safari hii hakuna aliyesema amina. Loro, mikono bado hewani, akamgeukia baba yake mdogo, aambiwe la kufanya.