Watu wa Stoo

Kitu cha kwanza alichokiona mfagiaji ni sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka dirishani, wakapita chini ya meza ya mwenyekiti, wakaingia stoo ya akiba, iliyofunguliwa kwa nadra, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya mafagio, ndoo na sabuni ya unga. Sisimizi hawali sabuni. Akafungua mlango.

Ndani walikuwemo watu saba. Yaya alikalia ndoo iliyopinduliwa, na sisimizi walikuwa wanampanda miguuni kwa sababu ngozi yake ilinukia chokoleti. Mtunza bustani alinukia kahawa. Walikuwepo wezi watatu wasio na nyuso, mpishi aliyekuwa akicheka muda wote, na mzee mwenye busara ambaye hakuwa na miguu, maana hakuna aliyeiandika.

Mfagiaji aliwatambua. Kila Jumamosi alasiri chama cha waandishi kilikutana katika ukumbi ule, na kila hadithi iliposomwa, watu wake waliingia kwa mlango wa mbele, wakakaa kwenye benchi la nyuma, wakasikiliza mambo yao hadi mwisho, kisha wakaenda makwao. Hilo halikumshangaza mtu. Kanuni za chama zilitaja hata idadi ya viti vyao. Mfagiaji, aliyeachia shule darasa la tano, alikuwa akideki korido wakati wa kusoma, na alishawaona madaktari, wajane na wapelelezi wengi wakimkanyagia sakafu mbichi. Katika hadithi hizo rangi ya mtu haikutajwa, isipokuwa kama ni rangi ya mfagiaji. Hapo ndipo ilipoletwa kahawa, au chokoleti. Watu hao waliwafungulia wengine milango, au waliiba, au walitoa ushauri, na hadithi ikaisha bila kusema wanalala wapi. Kwa hiyo walilala stoo.

"Mna muda gani humu?" aliuliza mfagiaji.

"Chai tayari," alijibu yaya. Alikuwa amepewa sentensi tatu tu.

"Unataka kwenda kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako, dada. Tuko rika moja."

"Mtoto amelala," alisema yaya, na machozi yakamtoka.

Mfagiaji alimpangusa sisimizi kwa kitambaa chenye maji, kisha akaenda kwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyependa kufika mapema na kupanga viti mwenyewe.

"Stoo si ndogo," mwenyekiti alisema. "Wanakusumbua?"

"Hawana kwao, mwalimu."

"Basi waandikie wewe." Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamtazama mfagiaji kuanzia kilemba hadi ndala. Chama kilikuwa kimetoka kupitisha azimio la kupinga ubaguzi wa rangi, lenye kurasa tisa, na mpiga picha angekuja Jumamosi. "Hebu kweli, binti, jiunge. Sisi hapa hatuangalii rangi ya mtu. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe hasa."

Wiki nzima mfagiaji alikaa kwenye ngazi wakati wa mapumziko na kuandika. Alikuwa mwepesi wa aibu, hata peke yake aliifunika karatasi kwa mkono. Alianza na yaya. Akifika kwao yaya, wengine wangefuata, mmoja kila Jumamosi, na wezi wangepewa nyuso kabla ya kuondoka. Kila jioni alimwuliza yaya maswali, akajibiwa kwa sentensi zile tatu, na kwa jinsi zilivyotamkwa akajua la kuandika. Ilitoka ukurasa mmoja na nusu.

Jumamosi mpiga picha alimweka katikati, akampiga picha nne, akafungasha vyombo vyake na kuondoka. Ndipo mfagiaji akaambiwa asome.

"Sauti, dada, sauti!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Hapa si msibani!"

Yaya alitoka stoo. Sentensi ya kwanza ilimpa viatu. Ya pili ilimpa mdogo wake wa kike, mwenye tabia ya kuvivaa bila kuomba. Kwenye ukurasa wa pili, karibu na mtungi wa kuzimia moto, ulisimama mlango wa buluu wa nyumba ya vyumba viwili, na nyuma yake mama mtu akawa anafoka: "Wewe! Chakula kinapoa, unazurura wapi?" Harufu ya chokoleti ilimwisha yaya mwilini. Akasema sentensi yake ya nne.

"Nakuja! Kwani lazima mtaa mzima usikie?"

Akashika kitasa. Kitasa hakikuzunguka, kwa kuwa hadithi ilikuwa haijajadiliwa, na chamani hadithi isiyojadiliwa haijaisha. Wakati wa kujadiliwa, mwandishi hufunga mdomo.

Alianza katibu, daktari wa meno. "Kwanza, yaya huyu ni wangu. Nilimwandika mwaka juzi."

"Ni kweli," alisema mwenyekiti.

"Pili, mimi ninaye yaya nyumbani, mwaka wa kumi na moja huu. Ni kama mtu wa familia. Hana maneno yote haya."

"Mimi nimeipenda, jamani, nimeipenda sana," alisema bibi mmoja aliyekuwa akiandika mashairi kuhusu paka wake. "Ila sikuona mateso. Ana nyumba, ana mdogo wake, anagombana na mama... si anakuwa kama sisi tu? Sasa msomaji atajifunza nini?"

"Na huo mlango wa buluu, maana yake nini?" aliuliza mwingine.

Ulikuwa mlango.

Ilipoitishwa kura ya kupunguza, mikono kumi na miwili ilinyooshwa. Aliondolewa mdogo mtu kwanza, kisha viatu. Mama alikatwa akiwa katikati ya kufoka. Yaya aliendelea kushika kitasa hadi kitasa kikawa hakipo, akabaki ameshika hewa. Akageuka, akamtazama mfagiaji. Mfagiaji alitazama daftari, kwa sababu kanuni ni kanuni na yeye alikuwa mgeni.

"Ndiyo, mama," alisema yaya. Akarudi stoo, akaufunga mlango taratibu, kama alivyoandikwa.

Mwenyekiti aliangalia saa. "Vizuri sana. Nadhani tumemjenga. Sasa mwandishi atashukuru."

Daktari wa meno alikuwa ameshaandika katika muhtasari wa kikao: Mwandishi alishukuru.

Mfagiaji alisimama. Alilishika daftari kwa mikono yote miwili.

"Miaka miwili nimedeki hapa, nikizisikiliza hadithi zenu," alisema. "Sijaipenda hata moja."