Karatasi ya Bibi Nemayian

Mwaka 2003, hapa studio kwangu Korogwe, nilimchapia Bibi Nemayian picha ya mjukuu wake, nyeusi na nyeupe, kwa printa ya wino, kwenye karatasi inayong'aa. Bibi alitoka Mkata kuifuata. Akaitemea mate kidogo, kama Wamasai wanavyowabariki watoto, wino ukachuruzika kwenye shavu la mtoto pichani.

Nilinuna, lakini kosa lilikuwa langu. Nilipenda mng'aro, sikumfikiria mwenye picha.

Nikachapa upya kwenye karatasi nene isiyong'aa, ile inayonyonya wino ukatulia. Safari hii nilijua atafanya nini, nikamkabidhi. Akatema. Mate yakazama, uso wa mtoto ukabaki vilevile.

"Asante, Fausta mwanangu," akasema, akanitemea na mimi viganjani.

Nikafumba mikono, lisidondoke hata tone.