Nanga za Upande wa Bahari

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, uzio wa mpira ulielea mlangoni mwa mto Tana, Kipini. Mita mia nne nje yake palikuwa na utando wa mafuta, ukimeta kama shingo ya njiwa.

Meli ya mizigo ilikuwa imezama siku mbili kabla. Abdia, afisa wa mazingira kutoka Garsen, aliusimika uzio huo jana yake jioni kwa nanga sita, zote upande wa juu wa mto, mkondo usije ukauchukua baharini. Sasa, akiwa botini, aliona ukungu umelala juu ya maji. Ilikuwa kana kwamba mikoko inatembea na boti imesimama.

"Bibiye, kwenu wapi?" akauliza Kaingu, mwenye boti.

"Madogo."

"Nilijua. Huko mto una adabu, huenda upande mmoja. Huu wetu, maji yakijaa, hurudi nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo."

Jani la mkoko lililokuwa likielekea baharini lilisimama. Kisha, polepole, likaanza kurudi. Uzio ukalegea, ukapinda kulifuata, kuelekea juu ya mto.

Simu ikalia. Alikuwa Molu, mfugaji, kwenye malka, njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni, kilomita nne juu. Ng'ombe wake themanini hawakuwa wamekunywa tangu juzi.

"Afisa, wanywe?"

"Wazuie mpaka nije."

"Mimi si ukuta! Wakinikanyaga, wewe ndiye utakayenizika."

Mpango wa dharura ulimruhusu afisa kubadilisha uzio, mradi kwanza aandike sababu na kutia sahihi. Abdia angeweza kuandika "hali ya maji". Aliandika: "Niliweka nanga upande mmoja. Sikuzingatia maji kujaa." Akatia sahihi.

"Zile nanga tatu za akiba," akamwambia Kaingu. "Zote upande wa bahari."

Ya tatu ilizama saa moja na dakika tano. Uzio ukanyooka. Mafuta yakafika, yakagusa mpira, yakatulia hapo kama yaliyosinzia. Kaingu akachovya kitambaa cheupe upande wa ndani, kikatoka cheupe.

Wakapanda na maji hadi malka. Abdia akachovya kitambaa kingine, akakinusa, akakigeuza juani: cheupe. Akamwashiria Molu kwa kichwa: wanywe.

Saa mbili na dakika arobaini, ng'ombe wa mbele, jike jeupe lenye kengele ya mti, aliinamisha kichwa akanywa.