Zamu Yangu ya Maji

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine.

Nilikuwa nimemaliza kukata miwa, na vishina vimebaki uchi chini ya jua la bonde letu, ambalo halina huruma wala halina mvua. Kishina kikipata maji mapema, huchipua. Kikikosa, hukauka, na mwaka mzima unaomba mbaazi kwa jirani. Zamu yangu kwenye mfereji ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana hadi saa kumi. Ikipita hiyo, unasubiri siku ishirini na moja.

Kwetu, kabla ya zamu, unakusanya majani makavu ya miwa: mtaro mmoja unaujaza majani, wa pili unauacha wazi maji yapite. Ni kazi ya siku tatu, na mgongo hauisahau. Mimi nikaona babu zetu walipenda tu kuinama. Nikayaacha majani yalipoangukia, siku tatu nikalala kwenye machela yangu, nikijisifu.

Lastra, mgawa maji wetu, alifika saa sita kamili, akapuliza pembe yake ya ng'ombe, akainua ubao wa lango. Kisha akalitazama shamba.

"Olmedo, umetandika kitanda?"

"Yatapita, mzee. Maji yana nguvu."

"Haya. Mimi nagawa maji, sigawi akili."

Maji yakaingia kwa furaha. Kwenye mitaro mitano ya kwanza yalipita vizuri, nikamkonyeza Lastra. Kwenye wa sita majani yakaanza kuelea, yakasukumana, yakakumbatiana, yakawa ukuta. Nikaruka na jembe. Nikivuta fungu moja, matatu yanakuja nyuma yake. Maji yakapanda, yakatafuta pa kutokea, yakapaona: tuta la mpakani. Likabomoka kama mkate uliolowa, na maji yote yakageuka kwenda kwa jirani yangu, Zoila Carabalí.

Zoila akatokea kwenye miwa yake, sketi ameikunja magotini.

"Baba Olmedo, funga lango!"

Nikamtazama Lastra.

"Ukifunga, zamu yako imekwisha," akasema. "Maji hayarudi nyuma, yanakwenda kwa anayefuata. Sheria unaijua."

"Nipe dakika kumi tu, Mama Zoila. Nazibua sasa hivi."

"Dakika kumi zipi? Nimesimama kwenye matope!"

Nilizibua, nikazibua. Nikaziba tuta kwa udongo, udongo ukaondoka. Nikaziba kwa majani, na majani yale yale yaliyonizibia mitaro yangu yote yakakataa kuziba hapo. Nikasimama ndani ya maji yaliyonifika magotini, jembe mkononi, na upande wangu wa pili vishina vikiwa vikavu hivi kwamba ardhi yake imepasuka. Kila nilipotaka kumwambia Lastra afunge, niliwaza kwamba labda sasa yatapita. Hayakupita. Nilikuwa nayasikia tu yakiondoka, yakicheka miongoni mwa miwa ya mwenzangu.

Saa kumi pembe ikalia. Lastra akashusha ubao. Hakunitania, na hapo ndipo nilipojua hali yangu. Mitaro mitano imelowa. Hamsini na tano haijaonja tone.

Mtu mwenye haya angekwenda nyumbani. Mimi nikavuka tuta kwenda kudai.

"Mama Zoila, zamu yangu yote imelala kwako. Zamu yako ni Jumamosi. Niachie, tuwe sawa."

Akanitazama kuanzia miguuni.

"Miezi miwili nimeinyima miwa hii maji, ili utamu ukolee. Jumatatu ni siku yangu ya kukamua kinuni. Sasa umeinywesha. Nitachemsha nini, chai? Sukari guru ya maji hivi itaganda lini?"

Nilijua. Bonde zima linajua kwamba muwa uliokomaa haunyweshwi. Lakini vishina vyangu vilikuwa vinanililia, na aibu ilikuwa imeshaniishia.

"Pole. Lakini Jumamosi huna kazi na maji. Na haya yaliyo humu ni yangu, hata Lastra ni shahidi. Ni haki yangu kurudishiwa."

"Ni yako kabisa," akasema Zoila, akaniwekea ndoo miguuni. "Yachote yote kabla ya Jumatatu."