Managu Bila Maziwa

Siku tuliyomzika dada yangu Aguti kule Angurai, meneja wake, Sydney, alimwambia jirani yetu kando ya kaburi, "Pombe ndiyo imemmaliza, hakuna kingine." Hakujua niko nyuma yake. Aguti alikufa kwa shinikizo la damu, miezi miwili baada ya Sydney kumfukuza kazi.

Alimfukuza kwa sababu ya divai. Aguti alikuwa mhudumu katika hoteli yake hapa Malaba. Wageni wakiacha tone kwenye glasi, alilionja, kisha akaandika daftarini. Aliyoipenda zaidi ni nyeupe moja ya Afrika Kusini, mchanganyiko wa zabibu za Chenin na Viognier, kutoka eneo la Rasi, ambako upepo wa bahari hupoza mashamba yaliyochomwa na jua. Sydney aliupiga picha ukurasa wa divai hiyo kwa simu. Halafu akawatangazia wafanyakazi wote kwamba Aguti analewa mabaki ya wateja.

Mimi ni mpishi katika hoteli hiyo hiyo. Sikuacha kazi. Nyumbani walidhani nimesahau.

Mwezi wa nane, kampuni inayoleta divai ile ilitafuta wakala wa Busia na Malaba. Sydney akautaka uwakala huo, akamwalika mkubwa wao, Bi Maurine, kwa chakula cha mchana pamoja na wenye baa sita.

"Dada Amoit," akaniambia, "pika tilapia na mboga za kienyeji. Watu wa mjini wanapenda hizo vitu."

"Mboga gani, boss?"

"Yoyote. Si ni majani tu?"

Daftari ninalo mimi. Upande wa pili wa ukurasa, ule asioupiga picha, Aguti aliandika vyakula: tilapia wa kuchoma na limau, kuku asiye na viungo vingi. Chini akapiga mistari miwili: isinywewe na mboga chungu kama managu wala pilipili, itageuka dawa mdomoni na kilevi chake kitawaka.

Nikachuma managu yaliyokomaa. Kila mwanamke huku anajua kumwaga maji ya kwanza na kutia maziwa ili kuondoa uchungu. Sikumwaga, sikutia. Samaki nikawajaza pilipili. Nilijua kazi yangu inaishia hapo.

Sydney alisimama na simu mkononi, picha ya ukurasa wa Aguti ikiwa wazi. "Mtasikia pera lililoiva, ganda la limau, na asali kwa mbali," akasoma.

Wageni wakala, wakanywa. Mzee Emukule, mwenye baa karibu na forodha, akakunja uso. "Meneja, hiyo asali iko wapi? Mimi nasikia kwinini."

Wenzake wakacheka. Bi Maurine akaweka glasi chini.

"Hii chupa imeharibika, madam," Sydney akasema.

"Nimeionja kabla ya chakula. Ilikuwa nzuri. Nakuuliza wewe, unayetaka kuiuza: inanywewa na chakula gani?"

Akapekua simu, juu, chini. Kisha akaomba radhi na kuja kwenye mlango wa jikoni, shati limemganda mgongoni.

"Dada Amoit, tafadhali. Aguti alikuwa akisema inaenda na nini?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

"Yuko Angurai," nikamwambia. "Nenda ukamuulize."

Alinitazama, nikaona ameelewa kila kitu, chakula na mimi. Angerudi kule kunisema mimi, angekiri kwamba hajui kinachopikwa hotelini kwake.

"Inaenda na chochote, madam," nikamsikia akisema.

Bi Maurine akafunga mkoba wake.

"Yule msichana wa hapa aliyekufa angekujibu," mzee Emukule akamwambia Bi Maurine. "Aliniambia hadi zabibu zenyewe. Na wewe, meneja, ukatuambia ni mlevi."

Nilitoka kuondoa sahani. Nilianza na ya Sydney, akiwa bado ameshika uma.